Mambo Kumi Nyuma ya Daftari

Kwa miaka kumi na mitatu kiwanda chetu kilichapa madaftari ya shule yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na kwa miaka kumi na mitatu jedwali hilo lilisema saba mara nane ni hamsini na nne. Fundi mitambo nilikuwa mimi muda wote huo. Hiyo hamsini na nne nimeichapa kwa mkono wangu, malaki kwa malaki, bila hata kukohoa. Sikuwa naisoma. Fundi mitambo hasomi. Anaangalia wino umekaa na karatasi haijapinda, basi.

Aliyeiona ni Bi Nukta, siku yake ya pili kazini.

Jina la Bi Nukta tulimpa wenyewe. Kazi yake ni kusoma kila kitu kabla hakijapanda mtamboni na kuwinda makosa. Ni mwanamke mfupi, mnyamavu, mwenye miwani ya kamba shingoni, na akiingia mahali watu wanapopiga soga, sentensi inakoma yenyewe. Siku hiyo alichukua daftari, akapanda nalo ngazi hadi ofisini kwa Meneja. Mimi nilikuwa huko nikiomba mpira mpya wa rola, kwa hiyo nilishuhudia.

Meneja wetu ni mtu mwema lakini mwoga. Simu ikilia, hushika kifua kwanza ndipo ashike simu.

"Saba mara nane ni hamsini na sita," Bi Nukta alisema, akaliweka daftari mezani.

Meneja akashika kifua. Akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia, akaazima vyangu.

"Yesu na Maria! Miaka kumi na mitatu! Kuna watu wazima huko nje, wana kazi, wana ndoa, wanaamini hamsini na nne!" Akafuta jasho. "Ondoa jedwali lote. Weka kitu kingine. Cha elimu. Lakini kisiwe na hesabu hata kidogo!"

Baada ya siku tatu Bi Nukta akaniletea karatasi ya jalada jipya. Juu iliandikwa: *Mambo Kumi Usiyoyajua Kuhusu Viumbe*. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi nilisoma kitu kabla ya kukichapa, na nilipofika jambo la tatu nikazima mtambo.

"Bi Nukta, haya umeyaota?"

"Nimeyasoma. Kila moja nimelikuta kwenye vitabu vitatu ndipo nikaliandika."

"Pweza ana mioyo mitatu?"

"Mitatu. Na damu yake ni ya bluu."

"Konokono ana meno?"

"Maelfu, kwenye ulimi. Madogo sana."

"Kipepeo anaonja chakula kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Sasa akikanyaga mavi?"

Alifikiri kwa makini, maana sasa najua hakuna swali analolidharau. "Basi anajuta mapema kuliko sisi," alisema, akarudi mezani kwake.

Kufikia mchana kiwanda kizima kilikuwa kimelewa jalada hilo. Dada wa kupiga pini kila akifika kwenye jambo la tano, lile la mnyama wa mbali aitwaye wombati ambaye hunya mavi ya miraba kama dadu, pini zinakwenda upande. "Lakini hizo pembe anazipitishaje?" alikuwa akiuliza, machozi ya kicheko yanamtoka. Bi Nukta akamweleza kwa utulivu kwamba ni utumbo ndio unaoyafinyanga yakiwa ndani, na pembe zenyewe si kali. Dada wa pini akalazimika kwenda kunawa uso.

Nami nilipeleka daftari moja nyumbani. Mke wangu, aliyenizalia watoto wanne, alisoma jambo la nne: kwamba kwa farasi wa bahari, dume ndiye anayebeba mimba na ndiye anayezaa. Akaweka mwiko chini. Akalisoma tena kwa sauti. Kisha akaniangalia kuanzia juu hadi chini.

"Huyu baba," akaniuliza, "ana ndugu yake ambaye hajaoa?"

Tulichapa, tukakata, tukapiga pini, tukasambaza. Shule zikafunguliwa. Jumatatu ya pili tu, Mwalimu Mkuu wa shule iliyochukua madaftari mengi kuliko zote akaingia kiwandani bila hodi, akiwa na rundo la madaftari kwapani. Mama mrefu, mgongo umenyooka kama rula, na sauti ambayo kwayo shule yake ingeweza kuuza kengele.

"Nani aliyeandika haya?"

Mitambo ilikuwa inanguruma, lakini tulimsikia wote. Meneja alishuka ngazi akiwa tayari ameshika kifua.

"Leo asubuhi," Mwalimu Mkuu alisema, "mtoto wa darasa la tatu amemwomba mwalimu wake wa hesabu atoe ulimi, ahesabu meno. Darasa la tano wamegoma kuandika mpaka waelezwe wombati anakaa wapi. Nimevumilia. Mambo tisa nimeyavumilia. La kumi, hapana! Nina mzazi anayeuza samaki mwaka wa ishirini huu, amekuja ofisini kwangu na daftari la mwanawe, ananiuliza kama shule inamtukana."

Akavaa miwani, akasoma: "*Kamongo ni samaki mwenye mapafu. Asipopanda juu kuvuta hewa, hufa maji. Kinamasi kikikauka, hujichimbia matopeni, akajizungushia ute unaokauka kama karatasi, akalala humo miezi mingi, hata miaka, bila kula wala kunywa, mpaka maji yarudi.*" Akavua miwani. "Samaki anayekufa maji! Samaki anayelala ndani ya udongo mkavu! Ama mnionyeshe kwa macho yangu haya mawili, ama myachukue madaftari yenu yote na mniwekee jedwali la kuzidisha."

"Tutaweka jedwali!" Meneja alisema haraka. "Tena lililosahihishwa!"

"Uje Ijumaa saa tatu asubuhi, Mwalimu," sauti ndogo ilisema nyuma yetu. "Utaonyeshwa."

Alikuwa Bi Nukta. Mwalimu Mkuu alitazama kama mtu anayetafuta sauti imetoka wapi, akainamisha kichwa kidogo, akamwona. "Ijumaa," alisema, akaondoka.

Nilimfuata Bi Nukta mezani kwake mbio. "Utamtoa wapi?"

"Mjomba wangu anafyatua matofali," alijibu, kama kwamba hiyo imemaliza kila kitu. Alipoona uso wangu akaongeza: "Udongo anauchimba kwenye kinamasi kilichokauka. Kila kiangazi jembe lake linapiga mabonge yenye kamongo ndani. Nimewaona tangu nikiwa mtoto."

"Mama wee! Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Hamkuuliza." Kisha akashika kamba ya miwani yake, akawa anaizungusha kidoleni. "Ila nimewaona wamelala tu. Mjomba huwa anawapeleka jikoni moja kwa moja. Kuamka, hilo nimelisoma vitabuni kama wewe ulivyolisoma kwenye daftari. Sijawahi kuliona."

Hapo mimi, niliyeyacheka mambo yake kumi, nikaacha kucheka.

Ijumaa, robo saa kabla ya saa tatu, pikipiki ilisimama mlangoni. Aliyeshuka alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, macho na meno tu ndiyo yaliyobaki na rangi yake. Kifuani alikuwa amefunga gunia kwa kanga, kama mama anayenyonyesha.

"Hodi! Ni nani aliyesema mpwa wangu mwongo?"

Sote tukamnyooshea kidole Meneja. Meneja akamnyooshea Mwalimu Mkuu, ambaye ndiyo kwanza anaingia na madaftari ya kusahihisha mkononi na hata hajafungua kinywa.

Mjomba alifungua gunia taratibu. Ndani mlikuwa na bonge la udongo, kubwa kama chungu cha familia, gumu kama tofali lenyewe. Juu lilikuwa na tundu moja la kuingia kidole.

"Hilo ndilo la kuvutia hewa," Bi Nukta alisema.

Niliweka sikio. Nilisikia kitu, au labda ilikuwa damu yangu mwenyewe inayokimbia.

Nilikuwa nimeandaa lile karai la kuoshea rola, lakini Bi Nukta alilinusa mara moja akalikataa. Lilikuwa na harufu ya dawa ya wino. Basi tukaazima beseni kubwa la bluu la mama wa usafi, tukaliweka juu ya meza ya kukatia karatasi, kwenye mwanga wa dirisha. Bonge likaingia. Bi Nukta akamimina maji kwa kikombe, kidogo kidogo, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Nikazima mtambo. Dada wa pini akazima wake. Kiwanda kikawa kimya hata tukasikia saa ya ukutani, ambayo nilidhani iliharibika zamani.

Saa tatu na nusu, hakuna kitu. Saa nne, maji yamekuwa kama chai ya maziwa, hakuna kitu. Mwalimu Mkuu alikaa juu ya katoni akasahihisha madaftari yake kwa kalamu nyekundu, na alipoyamaliza akasahihisha tangazo letu la usalama ukutani.

"Kwa sasa," Meneja alininong'oneza, "mimi naona tunalowesha tofali."

Mjomba alimsikia. "Wewe ukiamshwa unaruka papo hapo?"

"Mimi silali miezi minane, mzee wangu."

"Basi huna unalojua kuhusu usingizi. Tulia."

Ilipokaribia saa tano, nusu ya bonge ikaporomoka yenyewe ndani ya maji. Tukasogea sote, vichwa vikagongana. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, chembamba, kimekunjamana kama mfuko wa karatasi ulioloa. Kilikuwa kimepasuka upande mmoja, na kwenye mpasuko tukamwona. Amejikunja kama herufi U, mkia ameuleta hadi usoni, amefunika macho nao.

"Ee Mungu," dada wa pini alisema, "amejifunika shuka."

Lakini hakutikisika. Tukangoja. Bi Nukta akamwaga kikombe kingine, na kingine. Hakutikisika. Mjomba akakuna kidevu, vumbi likadondoka, akasema kwa sauti ya chini, "Wengine jembe huwa limewaumiza. Wengine huwa wamekwisha kufa."

Bi Nukta alivua miwani, akabaki ameishika. Mwalimu Mkuu alisimama kutoka kwenye katoni, nami nikadhani anaaga. Kumbe alikuja tu kusimama karibu yake. Na mimi, baba wa watoto wanne, fundi wa miaka kumi na mitatu, nikajikuta nimefumba macho namwombea samaki.

"Povu!" dada wa pini alipiga kelele.

Nikafumbua macho. Povu moja, dogo kama punje ya mtama, lilikuwa limepanda juu na kupasuka. Likafuata la pili. Halafu ule mkia ukaanza kujibandua kutoka usoni, polepole, bila haraka yoyote, kama mtu anayefunua blanketi siku ya mapumziko. Kikatokea kijicho kimoja. Kikatuangalia. Nina hakika hatukumpendeza. Kisha kile kichwa kikainuka hadi juu ya maji, mdomo ukafunguka, na kamongo akavuta hewa kwa mlio mrefu, *fyoooo*, hasa kama babu anayekunywa chai ya moto.

Sijui niseme nini kuhusu dakika iliyofuata. Dada wa pini alipiga vigelegele. Mjomba alirusha kandambili moja juu, nayo ikanasa kwenye bomba la maji, mpaka leo iko huko. Meneja alipanda kiti akawa anapiga kelele, "Amepumua! Jamani, samaki amepumua!" kana kwamba amemzaa yeye, kama yule farasi wa bahari. Mimi nilimkumbatia Mwalimu Mkuu bila idhini, na Mwalimu Mkuu akanikumbatia kwa nguvu zaidi.

Na Bi Nukta alicheka. Hatukuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu mkubwa mara tatu yake, kinatoka tumboni, kinapanda, kinashuka, kinapanda tena, mpaka ikabidi akae juu ya bunda la karatasi nyeupe. Kila akijaribu kuacha, kamongo anavuta hewa tena, *fyoooo*, naye anaanza upya, na sisi sote tunaanza naye.

Kufikia saa saba samaki alikuwa amejinyoosha, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole, mwenye mapezi membamba kama nyuzi nne za tambi. Mwalimu Mkuu alikuwa ameinama juu ya beseni na saa yake mkononi, akiandika nyuma ya daftari la mtu kila anapopanda kuvuta hewa. Meneja, aliyekwisha kushuka kitini na kupata ujasiri ambao hatujui aliutoa wapi, akainama naye, akanyoosha kalamu yake ya wino.

"Hivi meno yake yako wap..."

*Kraa!* Kalamu ikawa vipande viwili, na wino ukatapakaa majini.

"Damu ya bluu! Damu ya bluu!" dada wa pini akalia.

"Huyo ni pweza," Mwalimu Mkuu alisema bila kuinua kichwa. "Jambo la kwanza. Soma daftari lako. Na mbadilishieni maji, upesi!"

Tulikimbizana na ndoo hadi maji yakawa meupe. Kisha Mwalimu Mkuu akapiga simu shuleni, na kabla ya saa nane darasa la tatu lote lilikuwa limejipanga mstari kutoka mlangoni kwetu hadi kona ya barabara, wakiingia watano watano, wakitoka wanaiga mlio. Muuza samaki naye alikuja, akiwa amefunga aproni yake. Alisimama mbele ya beseni, mikono kiunoni. "Miaka ishirini," alisema. "Miaka ishirini nawauza hawa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniambia kuwa alikuwa amelala tu." Akamwomba Bi Nukta amwandikie mambo yote kumi kwenye kipande cha karatasi, ayabandike juu ya meza yake sokoni.

Msichana mmoja wa darasa la tatu aligoma kutoka. Aliuliza, "Alikuwa anaota nini?"

"Sijui," Bi Nukta alimjibu. "Nimetafuta, hakuna mahali palipoandikwa."

Yule mtoto alitabasamu kama aliyepewa zawadi.

Wageni walipokwisha, Mjomba akajipangusa mikono. "Haya. Sisi kwa kawaida hapa ndipo tunapowasha moto."

"HAPANA!" tulisema sote, Meneja kwa sauti kuliko wote.

Mjomba alicheka hadi vumbi likamwanguka mabegani. "Nilijua. Kuna bwawa moja ng'ambo ya matanuri yangu, halikauki hata jua likiwaje. Nifuateni."

Meneja alifunga kiwanda saa tisa na nusu mchana, jambo ambalo hata siku ya harusi yake hakulifanya. Tulipanda gari la kusambazia madaftari. Mjomba mbele na pikipiki yake, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Mimi niliendesha. Nyuma, juu ya maturubai, walikaa Mwalimu Mkuu na Bi Nukta wakiwa wamelishika beseni katikati yao, gunia bichi juu yake, na kila gari likiruka shimo nilisikia sauti zao mbili: "Taratibu! Una mgonjwa!" na baada yake kicheko.

Bwawa lilikuwa pana, limezungukwa na matete. Mwalimu Mkuu alitangulia kushuka, akazama matopeni hadi magotini, akapoteza kiatu, akakitafuta kidogo, akaona hakina maana, akavua na kile kingine. Bi Nukta aliinamisha beseni. Kamongo hakuruka wala hakukimbia. Aliteleza tu akaingia kwenye maji meusi, mara moja, hata wimbi halikuonekana.

Tulisimama tukitazama. Dakika ya kwanza. Dakika ya tatu. Mwalimu Mkuu alikuwa anaangalia saa.

"Unajua," Bi Nukta alisema, "hili sikuliandika, nafasi ilikwisha. Ukoo wake ulikuwepo duniani kabla dinosaria wa kwanza hajazaliwa. Wale walikuja, wakatawala, wakaisha. Hawa wakalala tu, wakaamka."

Meneja akamgeukia. "Kabla ya dinosaria?"

"Muda mrefu kabla."

Hapo hapo, hatua chache mbele yetu, kichwa kikachomoza. Meneja alivua kofia yake, akajisawazisha kwenye matope, akainama.

"Shikamoo, mzee."

*Fyoooo*, kamongo akavuta hewa, akazama.

"Ameitikia!" Mwalimu Mkuu alipiga kelele, akirukaruka pekupeku matopeni na kuturushia sote tope usoni. "Mmesikia? Amesema marahaba!"